Renda yenye sura ya rangi ya maji: filta peke yake haitoshi

Msomaji mmoja amenitumia renda, yaani picha ya jengo iliyotengenezwa kwa kompyuta, ya nyumba ya Mji Mkongwe, Zanzibar: kuta za chokaa, baraza mbele, mlango wa nakshi. Ameipitisha kwenye filta ya rangi ya maji, na anauliza kwa nini bado inaonekana kama picha ya kompyuta iliyochafuliwa. Ni kwa sababu filta huichakaza picha nzima kwa kiasi kilekile. Mchoraji wa rangi ya maji ana mahali anapokaza mkono na mahali anapoacha karatasi tupu, na karatasi hiyo tupu ndiyo weupe wake.

Kazi inaanza kabla ya kufungua Photoshop, programu ya kuhariri picha. Kwenye SketchUp, programu ya kuchorea majengo, hifadhi mwonekano ili kamera isisogee hata pikseli moja, kisha toa picha tatu za ukubwa sawa. Ya kwanza ni rangi tu, bila vivuli wala mistari. Ya pili ni vivuli tu juu ya kuta nyeupe. Ya tatu ni mistari tu. Kwa A3 ya nukta 300 kwa inchi, kila picha iwe pikseli 4961 kwa 3508. Usitoe ndogo ukategemea kuikuza baadaye. Mistari itavimba na kulegea.

Kwenye Photoshop zipange kama leya, yaani tabaka zinazolaliana: rangi chini, vivuli juu yake, mistari juu kabisa. Vivuli na mistari viwe kwenye modi ya Multiply ili weupe wake upotee.

Leya ya rangi ndiyo inayoponza wengi. Kinachoumbua renda ni picha halisi za mawe na mbao zilizobandikwa kwenye kuta. Tumia filta ya Median ya pikseli 20 hadi 25 mpaka mawe yayeyuke yawe madoa, kisha punguza ukali wa rangi kwa asilimia 20 hivi. Ukijaribu kwanza kwenye picha ndogo, kumbuka filta inahesabu pikseli: 8 kwenye picha ya upana wa 1600 ni sawa na 25 kwenye hii ya A3. Wengi hupata matokeo mazuri kwenye jaribio, halafu wakipeleka namba zilezile kwenye picha kubwa wanaona kama hakuna kilichofanyika.

Sasa weka maski nyeusi (kifuniko kinachoficha leya) juu ya rangi, uifiche yote, kisha uirudishe kwa burashi nyeupe yenye kingo za kuchanika, ukianzia mlangoni kuelekea nje. Acha sentimita 3 hadi 5 za karatasi pembeni, bila kunyoosha ukingo. Ukuta wa chokaa usiujaze: manjano hafifu kidogo, doa la unyevu chini ya mlizamu, basi. Mlangoni, usihangaike na kila ua la nakshi. Paka kahawia moja, kaza giza upande mmoja wa mfaa (ubao wa katikati ya mlango) na chini ya kizingiti cha juu, na uache nukta chache za mwanga kwenye misumari ya shaba. Jicho la mtazamaji litamalizia lenyewe.

Vivuli visibaki vya kijivu. Vipe buluu yenye zambarau, kwa mfano R 92, G 98, B 135 (viwango vya nyekundu, kijani na buluu), kwa opasiti, yaani uzito wa leya, ya asilimia 60. Karibu na sakafu ya baraza vipashe moto kwa rangi ya udongo, kwani mwanga wa jua hudunda chini na kupanda ukutani. Hatua hii naithamini kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Halafu kuna ukingo. Rangi ya maji inapokauka, maji hukimbilia pembeni yakibeba chembe za rangi, ndiyo maana kila doa lina mzingo mweusi kidogo. Nakili leya ya rangi iliyokwisha kulainishwa, tumia filta ya Find Edges inayobakisha kingo tu, ondoa rangi zote, itie ukungu (blur) wa pikseli 3, iweke Multiply kwa opasiti 25. Ukizidisha 40 inageuka katuni.

Mistari ya kompyuta imenyooka mno. Dawa bora ni mkono: chapa mistari kwa kijivu hafifu kwenye A3, ipitie upya kwa penseli ya 2B ukiiacha ipishane kidogo kwenye kona, skani, irudishe mahali pake. Huna skana ya A3? Skani nusu mbili uziunganishe.

Watu wa picha waliokatwa kwa makasi ya kompyuta waondoe. Badala yake wachore: vazi la buibui ni doa moja la giza, kanzu ni karatasi iliyoachwa na kivuli upande mmoja. Hawahitaji nyuso.

Mwisho weka karatasi yenyewe: skani karatasi halisi ya rangi ya maji, iondoe rangi, iweke juu ya kila kitu kwa Multiply. Skani ya A4 ukiivuta ijae A3, vinyweleo vinakuwa vikubwa na karatasi inafanana na plasta ya ukuta. Skani vipande viwili. Na unapochapa, chagua karatasi isiyong'aa na ung'arishe vivuli kidogo kabla, maana karatasi ya aina hiyo hunywa wino na giza huzidi.