Sindano haiharibu kizazi, ila...

Swali la wiki liliuliza: “Je, sindano na vijiti vya uzazi wa mpango huharibu kizazi?” Hapana, haviharibu. Ningeishia hapo, lakini kwetu swali haliulizwi hivyo. Kwetu huulizwa: “Huyu mke alichoma nini huko?”

Wifi yangu alichoma sindano ya miezi mitatu baada ya mtoto wa kwanza. Alipoacha, hedhi ikachelewa kurudi, mimba ndiyo kabisa. Mama akaitisha kikao nyumbani, Morogoro, Jumapili baada ya ibada. Mashangazi kwenye kochi, wifi kwenye kigoda cha jikoni, kadi yake ya kliniki inapita mkono kwa mkono kama kielelezo mahakamani. Shangazi mkubwa alikuwa kasahau miwani. Akaishika kadi juu chini na hukumu akatoa vilevile: damu ya miezi yote hiyo imejazana tumboni. Kaka yangu alikuwepo, anafuatilia matokeo ya Simba kwenye simu. Hakuna aliyemgeukia, hata kumuuliza kama na yeye ameshapimwa. Kisha ikaletwa chupa ya maji ya lita moja na nusu, imejaa mizizi ya kusafisha kizazi, kikombe asubuhi na jioni. Akanywa. Aliharisha mpaka kanga ikawa haikai kiunoni.

Damu haijazani popote. Sindano hufanya ukuta wa mji wa mimba uwe mwembamba, basi hakuna cha kutoka. Dawa yenyewe huisha mwilini taratibu: kwa wastani mimba hushika kama miezi 10 baada ya sindano ya mwisho, na wengine huvuka mwaka. Kijiti kikitolewa, au vidonge vya majira vikiachwa, uwezo hurudi mapema zaidi. Wifi hakuambiwa haya. Nesi alimwambia, “Ukiacha tu, unashika.”

Alishika mwaka uliofuata. Mama mpaka leo anaisifu mizizi.

Nilikaa kuandika ili niwaseme mama wakwe, lakini kadiri ninavyoandika ndivyo hasira inavyohamia kwa nesi. Ukimwahidi mtu mimba ya haraka, isipokuja atamwamini yeyote mwenye chupa.

Kwa hiyo, mhariri, sindano haina kosa, na bado binti yangu akiolewa na kutaka mtoto mwakani nitamwambia asiichome, achukue kijiti au vidonge. Akitaka kupumzika miaka kadhaa, achome bila hofu. Umri nao uangaliwe, na kisonono au pangusa (klamidia) ambayo haikutibiwa, maana hiyo ndiyo huziba mirija kweli. Mwaka ukipita wanatafuta bila mafanikio, au miezi sita kama mke ameshavuka miaka 35, waende hospitali wote wawili. Mume atangulie, kipimo chake cha mbegu ni cha kikopo tu.

Msomaji, Morogoro