Utumbo mpana mrefu wenye mizunguko: si ugonjwa, ila hiyo ripoti usiitupe

Mkuu nimesoma swali lako. Umefanyiwa kolonoskopi (kipimo cha kuangalia utumbo mpana kwa kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa), kamera ikagoma kufika mwisho, ripoti imeandika utumbo mpana mrefu wenye mizunguko na sekamu (ule mwanzo wa utumbo mpana, kulia chini) isiyoshikwa kwenye ukuta wa tumbo, sasa unauliza kama ni ugonjwa na kama ukafanyiwe opresheni. Mimi ni nesi, niko chumba cha endoskopi na kabla ya hapo nilikaa sana thieta, kwa hiyo ntakujibu kwa ninayoyaona kazini, maamuzi yako na daktari wako.

Kwanza tulia. Michoro ya kitabuni inaonyesha utumbo mpana umepanda kulia, umekatiza juu, umeshuka kushoto, safi kabisa. Matumbo ya watu hayako hivyo. Utumbo mpana mzima ni kama mita moja na nusu, ila kile kipande cha mwisho kabla ya rektamu (sehemu ya mwisho kabisa, karibu na njia ya haja kubwa), sigmoidi, ndo kina vituko: wastani ni sentimita 40 hivi, lakini kuna mtu anacho cha 15 tu na mwingine kinakaribia 80, kinapanda mpaka juu ya kitovu au kinavuka kwenda upande wa kulia. Na kile kinachokatiza juu, kwa wanawake hasa, mara nyingi kinaning'inia mpaka chini kwenye nyonga. Wote hao wanatembea mtaani hawana habari.

Kamera inagoma hivi. Daktari anasukuma mpira wenye kamera unaingia, ukiangalia kwenye skrini picha haisogei, wakati mwingine inarudi nyuma kabisa, maana anachosukuma kinaishia kutanua kizingo cha sigmoidi badala ya kwenda mbele. Hapo ndo naitwa niweke kiganja chini ya kitovu upande wa kushoto nikandamize, na unakisikia kabisa kile kizingo kinakusukuma mkono kutoka ndani. Daktari anavuta nyuma kunyoosha, tunamgeuza mgonjwa alale chali, tunajaribu tena. Maumivu ya pale hayatoki kwenye kuta za utumbo kukwaruzwa kama watu wanavyodhani, ni ule utando unaoushikilia utumbo ndo unavutwa.

Na huo utando ndo jibu la ile sekamu yako. Tumbo lote kwa ndani limefunikwa na peritoneamu, utando mwembamba unaoteleza, ukiutandaza eneo lake linakaribia la ngozi ya mwili mzima. Ukiwa kijusi, wiki ya 6 hivi utumbo unatoka nje kuingia kwenye kitovu kwa sababu tumboni hakuna nafasi, unarudi ndani kwenye wiki ya 10, na katika safari hiyo unazunguka nyuzi 270 kinyume na saa. Baada ya hapo utumbo wa kulia na wa kushoto unagandishwa kwenye ukuta wa nyuma, wa juu na sigmoidi vinabaki vinaning'inia kwenye utando wao kama pazia. Kwa baadhi yetu lile zoezi la kugandisha upande wa kulia halimaliziki, ndo unapata sekamu inayotembea. Kwa wengine sekamu haishuki, inabakia chini ya ini, na huyo siku kidole tumbo kikimuuma kitamuuma juu kabisa, watu watahangaika na kibofu cha nyongo. Wapo pia ambao utumbo haukuzunguka kabisa, mwembamba wote uko kulia na mpana wote kushoto, mtu anagunduliwa ukubwani kwenye siti skani aliyoenda kupiga kwa shida nyingine. (Kwa kichanga hiyo ni habari tofauti kabisa, akitapika kijani usisubiri kesho.)

Thieta nako niliona mengi. Sigmoidi kushikwa na vinyuzi kwenye ukuta wa kushoto wa nyonga, hiyo ni kawaida mno, hata si kovu la kuumwa, daktari wa upasuaji anaanza kwa kuvikata tu ndo aendelee na kazi yake.

Kwa nini basi nasema ripoti uitunze? Alikuja mzee amepigwa ekisirei ya kifua kwa ajili ya kikohozi tu, ikaonekana hewa chini ya diaframu (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) upande wa kulia. Hewa mahali pale kwa kawaida maana yake utumbo umetoboka, basi watu wakaanza kuandaa thieta, mzee mwenyewe kakaa kitandani anauliza ataruhusiwa saa ngapi. Daktari wa picha akaisogelea akaona mikunjo ya utumbo mpana ndani ya ile hewa: utumbo ulikuwa umejipenyeza kati ya ini na diaframu. Inaitwa alama ya Chilaiditi, kwa jina la daktari aliyeielezea mwaka 1910. Angekuwa na karatasi ya zamani mfukoni yale mahangaiko yote yasingekuwepo.

Kuhusu kukatwa: urefu peke yake haumpeleki mtu kwenye kisu. Wala usiulaumu kwa kila kufunga choo, wapo wenye utumbo mrefu na choo chao ni cha kila siku. Hatari ya kweli ni utumbo kujisokota, sigmoidi ndefu na sekamu isiyoshikwa ndo zenye nafasi hiyo. Wengi haiwatokei, ila tumbo likivimba ghafla, likauma, hupitishi choo wala hewa, unatapika, nenda emajensi muda huohuo na useme utumbo wako ukoje.

La mwisho ambalo naona hujauliza: kamera iliishia wapi? Muulize daktari, kwa sababu sehemu ambayo haikufikiwa haijapimwa, hata kama ripoti inasema hakuna tatizo. Inaweza kumaliziwa kwa siti skani ya utumbo mpana, au kwa kurudia na mpira mwembamba zaidi. Ukirudia waambie mapema kwamba utumbo wako ni mrefu, maana dawa ya kuusafisha huenda ikabidi uianze mapema kuliko wengine.