Swali la lugha: Aliyeacha nyama tumwiteje?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Binti yangu na mumewe wamekuja likizo kutoka Ujerumani. Binti hali nyama, samaki, mayai, maziwa, hata asali. Mumewe nyama hagusi, ila samaki anakula. Nikamwambia dada wa kazi, "Huyu binti mpikie mboga tu." Jioni akatenga ugali na dagaa wa nazi. Nilipomuuliza akanijibu, "Kwani hii si mboga, mama?" Binti alikula ugali kwa chumvi. Je, kwa Kiswahili sanifu watu hawa wawili wanaitwaje? Na "mla mboga" ni sahihi? – Mama wa Korogwe, Tanga.

JIBU: Shikamoo mama. Nianze na dada wa kazi, maana ndiye aliyeonewa. Ulimwagiza mboga, akapika mboga. Kwa Kiswahili wanachosema Watanzania wengi nyumbani, mboga ni chochote kinacholiwa pamoja na ugali au wali. Ukiuliza "Leo mboga nini?" utajibiwa maharage, au mchicha, au nyama ya ng'ombe, na hakuna atakayecheka kusikia nyama imeitwa mboga. Tukitaka majani peke yake tunaongeza maneno: mboga za majani. Mkia huo usingehitajika kama neno lenyewe lingekuwa linatosha.

Mboga, basi, haitaji aina ya chakula. Inataja nafasi yake kwenye sinia. Jambo hili si la Waswahili peke yao. Waganda wana enva, Wachewa wa Malawi wana ndiwo, na yote mawili yanabeba majani na nyama bila ubaguzi, mradi kinafuatana na chakula chenyewe. Nairobi mambo ni tofauti kidogo. Huko mboga ni sukuma wiki, kabichi, mchicha na wenzao, na ndiyo maana muuzaji wake anaitwa mama mboga. Mama wa Nairobi angetoa agizo lako neno kwa neno na dagaa wasingeingia sufuriani.

Kuna pia kitoweo, na kwenu Tanga neno hili lingekusaidia. Linatokana na kitenzi kutowea, yaani kula wali au ugali pamoja na kitu cha kuuteremsha, lakini kwa watu wa pwani kitoweo hasa ni samaki au nyama. Mtu ana sufuria nzima ya kisamvu jikoni na bado analalamika kwamba leo hana kitoweo. Kwa hiyo "mboga za majani, bila kitoweo" ni Kiswahili kizuri kabisa. Ila usiishie hapo, kwa sababu ya uduvi, wale kamba wadogo sana wa baharini. Wapishi wengi wa pwani hawauhesabu uduvi kuwa kitoweo. Kwao ni kiungo tu, kama kitunguu, unatupia kiganja kimoja mboga inukie.

Sasa "mla mboga". Kisarufi halina kosa. Tunasema mla mbuzi hulipa ng'ombe, na mla ni mla leo, mla jana kala nini. Mla mboga limeundwa kwa njia hiyohiyo, na liandikwe maneno mawili. Tatizo lake la kwanza umeshaliona: kama dagaa ni mboga, basi mla mboga anakula dagaa. La pili ni wingi wake. Wingi wa mla ni wala, na hapo lugha inajitega yenyewe. Andika "wageni wetu ni wala samaki" uone msomaji anavyorudi nyuma kutafuta "si nyama" iliyotangulia. Wengine hukimbilia "mlaji wa mboga, walaji wa mboga". Hilo linasomeka, ingawa mlaji amekwisha kuchukuliwa na wafanyabiashara kwa maana ya mnunuzi wa mwisho, na mitaani mlaji ni yule anayekula fedha za umma. Simshauri mtu amwite mkwewe mlaji.

Ushauri wangu ni kuacha nomino na kurudi kwenye kitenzi. Kiswahili kina ukanushi mwepesi sana: sili, huli, hali, hatuli, hamli, hawali. Naona wengi siku hizi wanaandika "sikuli" na "hakuli". Hapana. Ile ku- ya kula hudondoka katika wakati uliopo wa kukanusha, na hubaki kwenye virejeshi kama asiyekula, wasiokula. Basi binti yako "hali nyama", na ukitaka kumtaja kama kundi, ni "mtu asiyekula nyama".

Lakini hata nyama ina ujanja wake. Ingia mgahawa wowote Dar es Salaam usome ubao wa bei: wali nyama, wali kuku, wali samaki, wali maharage. Nyama hapo ni ya ng'ombe, pengine ya mbuzi. Kuku ana mstari wake. Ukisema "sili nyama" na kunyamaza, mwenyeji mwungwana atakuchinjia kuku na kutulia moyo. Samaki naye hafuniki kila kitu. Sokoni mtu huuliza "samaki au dagaa?" kana kwamba ni koo mbili zisizooleana. Pweza, ngisi, kamba na kaa nao hutajwa kila mmoja kwa jina lake. Kwa hiyo kwa binti kila kitu kitajwe: hali nyama, hali kuku, hali samaki wala dagaa wala uduvi, hali mayai wala maziwa, na asali asiwekewe. Ni ndefu, najua. Afadhali urefu huo kuliko ugali kwa chumvi.

Kwa mkwe kazi ni nyepesi: "Nyama na kuku hali, vya majini vyote anakula." Kama dada wa kazi ni Mkatoliki, mwambie anakula kama watu siku ya Ijumaa Kuu, ataelewa papo hapo. Siku hiyo nyama inaachwa lakini samaki hawakatazwi, mayai na maziwa pia.

Kitenzi chenyewe nacho kichaguliwe. Wenyeji wengi, kwa adabu, husema "hapendi nyama". Hilo ndilo linaloharibu mambo. Asiyependa hubembelezwa aonje kidogo, na mpishi mwema humtolea vipande akamwachia mchuzi. "Nyama ni haramu kwake" nalo silipendi, kwa kuwa haramu ni hukumu ya dini na binti hajatoa fatwa. Kusema ana mzio ni uongo, na kesho utaulizwa anatumia dawa gani. Neno ninalolipenda mimi ni mwiko. "Kwake nyama ni mwiko." Makabila mengi yetu yana koo zenye miiko ya mnyama fulani, na mwenye mwiko haulizwi sababu wala habembelezwi. Mpishi anaheshimu, basi. (Kwamba mwiko huohuo pia ndio unaosongea ugali ni sadfa ya kupendeza jikoni, nami siijengei nadharia.)

Umegusa pia maziwa. Tafadhali msimnyime binti nazi. Siku hizi kwenye makopo na kwenye mapishi ya mtandaoni tunaona "maziwa ya nazi", na nimesikia wapishi wakiitoa nazi kwenye chakula cha mtu asiyekunywa maziwa. Kiswahili kina tui tangu zamani, na lile zito la kwanza, lisilotiwa maji, lina jina lake la heshima: kasimile. Mwite tui kwa jina lake na hofu itaisha. Baada ya hapo binti hana sababu ya kukonda. Maharage ya nazi, mbaazi za nazi, kisamvu cha karanga, mihogo ya nazi, magimbi, bamia, choroko, vyote viko ndani ya mipaka yake. Hata vitumbua, vikipikwa kwa mchele, tui, sukari, hamira na iliki. Pa kuangalia ni samli kwenye chapati na pilau, na mayai au maziwa kwenye maandazi ya wale wanaotaka yawe laini zaidi.

Nisikwepe swali lako la jina. Lile neno la Kizungu la watu wasiokula chochote kitokanacho na mnyama, vegan, lilibuniwa Uingereza mwaka 1944 na Donald Watson na wenzake walipoanzisha chama chao. Kwa hiyo hata huko ni neno la juzi, nao walilitunga kwa kuchukua herufi za mwanzo na za mwisho za neno lililokuwapo, vegetarian. Kwa maandishi, kwenye makala ya afya au orodha ya vyakula hotelini, sina ugomvi na vegani: linatamkika, na wingi wake unaweza kuwa mavegani, kama madaktari. BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, wakileta lililo bora zaidi tutalipokea. Kwa mkwe sioni haja ya peskatari, jina la Kizungu la mtu aliyeacha nyama lakini anakula samaki. Tangu lini mtu wa Pangani au Kilwa anayekula samaki mwaka mzima akahitaji cheo?

Jikoni, hata hivyo, vegani halitakusaidia. Wala usimuulize dada wa kazi "umepika mboga gani?" Atakujibu mchicha, na atakuwa amesema kweli. Muulize "umeunga kwa nini?" Hapo ndipo utakapousikia uduvi, au samli, au ile supu ya nyama ya jana iliyomiminwa ili isitupwe.