Uliza Tukujibu: Meno ya Arusha, ni maji au ni siasa?

Wiki hii meseji tatu, zote za maji. Nimezipunguza kidogo maana ya kwanza ilikuwa ndefu kama barua ya posa.

SWALI: Shikamoo. Mimi chalii wa Ngaramtoni, kazi nafanya Dar. Kaka yangu ananitumia klipu kila siku za Wamarekani wanagombana kuhusu floraidi kwenye maji, wengine wanasema serikali inawalisha sumu, wengine wanasema bila hiyo meno ya watoto yataoza. Sasa sisi tunaambiwa meno yetu ya brauni ni floraidi hiyohiyo. Nani mkweli? Na mbona sisi hatujawahi kugombana?

JIBU: Marahaba chalii wangu. Hilo la mwisho ndo limeninyima usingizi, ila tuanze na Wamarekani.

Kule floraidi, yaani madini yanayoyeyuka kwenye maji, wanaitia wenyewe, kidogo, ili meno yasitoboke. Walianza mji wa Grand Rapids mwaka 1945, na kiwango wanachopendekeza saivi ni miligramu 0.7 kwa lita. Cha kuchekesha ni kwamba waliigundua kupitia meno kama ya kwetu kabisa. Daktari wa meno anaitwa Frederick McKay alifika Colorado Springs mwaka 1901 akakuta watu wa pale wana meno ya brauni, wenyewe wanayaita madoa ya Colorado, yaani wameshayazoea kama sisi tulivyozoea ya kwetu. Ikachukua mpaka 1931 kujua ni floraidi ya kwenye maji. Wakaona pia meno yale ya brauni hayaozi ovyo, basi wakasema tutie kiasi, doa lisitokee na jino lisioze.

Ugomvi ulianza mapema tu, miaka ya 50 kulikuwa na watu wanadai ni njama za wakomunisti. Mwaka 2025 jimbo la Utah limekuwa la kwanza kupiga marufuku kuitia, Florida ikafuata. Kuna hoja ya kitaalamu ndani yake, siwezi kudanganya, ripoti ya serikali yao ya 2024 ilisema maji yanayozidi miligramu 1.5 yanahusiana na watoto kushuka akili kidogo, lakini hiyo ni zaidi ya mara mbili ya wanachotia wao. Ila ukisikiliza klipu za kaka yako utaona wengi hawabishani kuhusu miligramu, wanabishana kuhusu nani anaamini serikali na nani haiamini, mtu anaangalia wenzie wa chama wamesimama wapi afu ndo anajua floraidi ni nini.

Sasa njoo kwetu. Huku hakuna anayetia, Mlima Meru unatia wenyewe kupitia mawe ya volkano na haumuulizi mtu. 1.5 ndo mwisho unaoshauriwa na Shirika la Afya Duniani, ila kuna vyanzo pembeni ya Meru vinapita 10 na zaidi, na yale maji ya maziwa ya Momella, chini ya mlima, ndo usiguse kabisa, pale ni mamia. Kwa hiyo usichanganye, kaka yako anaogopa kijiko wakati nyinyi mmekunywa sufuria.

Mbona hatujagombana? Mimi nadhani ni kwa sababu darasa zima tulikuwa na meno hayohayo. Nani mgonjwa hapo? Nilikuja kujua yangu yana shida nilipofika Dar kidato cha tano, kijana wa bweni ananiangalia mdomoni ananiambia "we wa Arusha eeh," sijamtajia hata jina. Mpaka leo picha zangu zote za pasipoti nimefunga mdomo kama nameza dawa. Kikishakuwa kitambulisho hakiwi tena malalamiko, mzee wa kijiji anakwambia ni meno ya kwetu, na diwani akisikia ni meno ya kwetu anashukuru Mungu maana hapo hakuna bajeti ya kuomba.

Na serikali nayo iliandika kwenye karatasi. Mwaka 1971 nchi ilipanga kila mtu wa kijijini apate maji ndani ya mita 400 ifikapo 1991. Vizuri sana, ila ukishika ile 1.5 huku kaskazini unafunga mabomba mangapi? Basi mwaka 1974 kikawekwa kiwango cha muda kwa maji ya vijijini, miligramu 8. Nane! Sisemi walikuwa wabaya, na mimi ningekuwa kwenye kile kiti sijui ningefanyaje, kipindupindu kinamaliza mtu siku mbili, floraidi inapinda mguu wa mtoto taratibu na mguu haupigi kelele wizarani. Ila "ya muda" yetu bhana, imekuja kushuka mpaka 4 mwaka 2008, afu 1.5 miaka 10 baadae. Mtoto aliyezaliwa 1974 ameshakuwa na watoto wenye meno hayohayo.

SWALI: Dada habari, mi nipo Usa River nina mtoto wa miezi 8. Mama mkwe ananiambia nichemshe tu maji floraidi itaisha, na kwamba meno ya brauni ni dalili ya Mmeru halisi nisijisumbue. Nifanyeje bila kugombana nae?

JIBU: Mpe pole mama mkwe lakini kuchemsha ndo kunazidisha. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki palepale sufuriani, kwa hiyo unachemsha wadudu wafe, sawa, ila floraidi umeikoleza.

Na huo Umeru halisi una kipimo rahisi, mtoto wa Mmeru aliyekulia Tanga meno ni meupe. Jino linaharibika linapotengenezwa ndani ya fizi, kuanzia uchanga mpaka kama miaka 8 hivi, ndo maana mgeni akihamia Arusha mtu mzima meno hayabadiliki. Wewe uko ndani ya miaka yenyewe. Endelea kunyonyesha, maziwa ya mama yana floraidi kidogo mno hata kama wewe unakunywa ya bomba. Maji ya mvua hayana, kinga kwenye simtanki (mvua za kwanza ziache zioshe bati) na hayo yawe ya mtoto tu, kunywa na uji, ya kufulia tumia yoyote.

Afu magadi. Najua makande bila magadi gesi inaisha maharage bado yanakutazama, na nyie mnaopika kiburu (ndizi na maharage) ndo msiniambie, lakini magadi ya huku kwetu yana floraidi nyingi, sufuria ya mtoto itenge. Loweka mahindi na maharage usiku kucha.

Kuna pia vichungi vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, pale Ngurdoto kituo cha utafiti cha wizara ya maji wamevifanyia kazi miaka mingi. Vinafanya kazi kweli. Shida, swali la kwanza la watu huwa sio kinachuja kiasi gani, ni mifupa ya mnyama gani? Jirani Muislamu ana haki ya kujua sio nguruwe, na wengine wanaona tu kinyaa kunywa maji yaliyopita kwenye mifupa. Mtaalamu akija na mashine bila kukaa kwanza na hayo, mashine inageuka banda la kuku, nimeliona hilo banda kwa macho yangu.

SWALI: Mimi mwalimu, nipo Hai. Mgombea katuahidi kisima, kimechimbwa, maji meupe peee, utepe umekatwa. Nitajuaje ni salama?

JIBU: Mwalimu, kwa macho hutajua, floraidi haina rangi wala ladha wala harufu, ndo maana inapendwa sana siku za kukata utepe. Hata Arusha mjini ule mradi mkubwa wa shilingi bilioni 520 wa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, sehemu ya sababu ni hiyohiyo, maji yalikuwepo lakini na floraidi yake.

Omba karatasi ya vipimo. Kisima chochote kinapimwa kabla ya kukabidhiwa, au kinatakiwa kupimwa, na usiombe peke yako, nenda na kamati ya shule maana mwalimu mmoja akiuliza anaambiwa ni wa chama kile kingine. Wakikuzungusha peleka mwenyewe maabara ya ubora wa maji ya wizara. Beba chupa ya plastiki, sio ya kioo, isuuze mara tatu kwa maji yaleyale ya kisima, jaza, andika tarehe na jina la kisima juu yake. Wakikupa majibu tafuta mstari wa floraidi, kikizidi 1.5 nitumie picha yake.