Kinundu cha kidole gumba: je, ni saratani?

SWALI: Nilitolewa kinundu kigumu kisichouma kwenye kidole gumba. Majibu ya maabara yanasema "fibroma ya ala ya kano". Je, ni saratani? Kitarudi?

JIBU: Pole kwa wasiwasi. Si saratani, wala hakisambai mwilini. Ni uvimbe wa nyuzinyuzi unaokua taratibu kwenye ala, yaani utando unaoizunguka kano (kamba ngumu inayounganisha msuli na mfupa). Mara nyingi hauzidi sentimita 3. Ukipasuliwa, ndani ni mweupe na mgumu kama mpira. Kwenye hadubini tunaona seli nyembamba zilizotawanyika katika kolajeni nzito (protini ya nyuzinyuzi), na pembezoni mishipa midogo ya damu iliyobanwa kama nyufa. Nyufa hizo ndizo tunazozitafuta kwanza. Uvimbe mwingine, uvimbe wa seli kubwa wa ala ya kano, hufanana nao kwa nje, lakini ule una seli zenye viini vingi, seli za povu (zilizojaa mafuta) na madoa ya kahawia ya chuma kutoka kwenye damu iliyovuja.

Kurudi kunawezekana, palepale, hasa mabaki yakiachwa kwenye ala. Tunza ripoti yako. Kinundu kikijitokeza tena, au kidole kikishindwa kukunjika, mwone daktari wa upasuaji wa mkono na uende na ripoti hiyo.