Glasi zangu ni za 1780 kweli?

SWALI: Nimenunua glasi mbili za mvinyo mnadani hapa Uingereza. Zimenakshiwa makoja ya maua na mitungi ya Kirumi. Muuzaji ameandika ni za mwaka 1780 hivi. Nitajuaje kama si za kuiga?

JIBU: Nakshi iache kwanza. Makoja, mitungi, hata mafuvu ya ng'ombe (kwenye glasi ya mvinyo, ladha za watu hizo!) vilipendwa Uingereza tangu miaka ya 1760, enzi za msanifu majengo Robert Adam. Mtindo ukarudi tena mwanzoni mwa karne ya 20, na mafundi wa safari hiyo ya pili hawakuwa wabovu hata kidogo.

Pindua glasi. Kitako cha karne ya 18 kwa kawaida ni kipana kuliko mdomo. Katikati yake kuna kovu la fimbo ya chuma iliyoishika glasi ikimaliziwa, au kidimbo laini pale kovu liliposagwa. Kovu lisikutoshe, walioiga nao waliliweka. Kagua ukingo unaogusa meza: mikwaruzo ya matumizi hukatana ovyo, mirefu kwa mifupi, ya msasa uliopitishwa ili glasi ionekane kuukuu hulala upande mmoja.

Shina la miaka hiyo mara nyingi limekatwa pande ndogondogo za umbo la almasi au pembe sita. Kwa kuwa lilikatwa kwa mkono, pande hizo hazilingani sawasawa.

Sasa chukua lenzi. Fundi wa zamani alichonga kwa kigurudumu cha shaba kilichopakwa mafuta na unga wa msasa, ndiyo maana mstari wake huanza mwembamba, hunenepa, kisha hukonda. Mstari uliochorwa kwa asidi inayokula kioo, ufundi wa karne ya 19, una kina kilekile mwanzo hadi mwisho.

Ujanja unaonisumbua zaidi ni glasi ya kale kweli, iliyokuwa tupu, ikaongezwa nakshi juzi ili ipande bei. Tafuta mkwaruzo mkongwe unaopita kwenye ua. Ukivuka juu ya mchongo, vizuri. Ukikatizwa na mchongo, nakshi imekuja baadaye.

Mlio wa glasi ikigongwa usiutegemee. Kioo chenye madini ya risasi hulia vizuri kikiwa na miaka 240 au 20.

Nitumie picha za kitako, shina na koja moja, mwanga ukitokea ubavuni. Fanya hivyo kabla muda wa kurudisha mali mnadani haujaisha.