Hotpoti Sita na Kirikuu Kimoja

Dereva wa kirikuu alisimama mlangoni, akaitazama sebule, akalitazama gari lake, kisha akaniuliza, "Mama, hii ni nyumba moja au mbili?" Tulikuwa tunahama Tabata kwenda Kinyerezi, kutoka vyumba vitatu kwenda viwili, na bei tuliyopatana ilikuwa ya safari moja. Gari lilijaa kabla hatujafika stoo. Nikalipia safari tatu, na vingi katika hivyo nilivyovilipia nauli sikuvifungua hadi nilipoanza kuvitoa, miezi minane baadaye. Kwa hiyo kama unahama mwezi ujao, punguza leo, ukiwa bado unajua kila kitu kilipo.

Mimi nilianzia uani, maana huko hakuna kitu cha kukuliza. Ndoo za rangi zilizopasuka, makopo, tairi la baiskeli ambayo hata baiskeli yenyewe hatuna. Kilichonisukuma haukuwa usafi, ilikuwa hofu ya dengue. Dar ilisumbuliwa nayo mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake, yule anayeuma mchana, hahitaji bwawa. Maji ya mvua yaliyotuama kwenye kopo yanamtosha kutaga. Vya chuma niliwaita vijana wa chuma chakavu wakapima kwa kilo. Vya plastiki vilivyokufa vikaenda na gari la taka. Ndani ya stoo nikakuta rambo limejaa marambo mengine, yamekunjwa vizuri kabisa. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, nami nimeitunza kama hati ya shamba.

TV ya chogo nayo ilikuwepo. Ilinusurika hata Dar ilipozimiwa mitambo ya analojia mwishoni mwa 2012. Tukaichomekea king'amuzi, ikaendelea. Ilipokufa kweli tukaigeuza meza ya kuwekea maua. Niliwauzia wale wanaopita na spika wakitangaza wananunua friji mbovu na TV mbovu. Pesa ndogo, lakini usijaribu kuivunja mwenyewe ukitafuta shaba: kioo chake kina madini ya risasi, na nyumbani kuna watoto.

Kazi yenyewe iko kwenye kabati la vyombo. Nilikuwa na hotpoti sita, nne hazijawahi kutolewa kwenye boksi, zote za kicheni pati yangu. Sisi ni watu wanne, na ugali wetu unatoka jikoni ukiwa wa moto na unaliwa ukiwa wa moto. Nikapiga picha, nikaweka status ya WhatsApp, "Mpya kabisa, bei ya kutupa." Haikupita nusu saa, shangazi akapiga.

"Mwanangu, hiyo ya maua mekundu mbona kama naifahamu?"

Nikajikanyaga. Nikasema nyumba ya sasa imebana, nikasema nilikuwa nataka kumuuliza, nikasema mengi. Akanyamaza, halafu akaniambia mdogo wangu fulani ana kicheni pati Desemba, nimpelekee. Ilipita wiki ndipo akapokea simu yangu kwa sauti yake ya kawaida.

Mtu anaweza kukwambia zawadi ikishapokelewa na kushukuriwa kazi yake imekwisha. Sawa, kamwambie shangazi. Mimi siku hizi kitu kilichotoka kwa ndugu nakiulizia kwanza hukohuko kwa ndugu, na hotpoti nyingine tatu zimeondoka hivyo bila kelele. Ila tafadhali, ndugu si jalala. Usipakie begi la nguo zilizochanika kwenye basi la Tanga ukajihesabia umewasaidia wa nyumbani. Kama wewe huwezi kukivaa hadi sokoni, hata binamu yako hawezi.

Nguo zilinipa somo jingine. Kuna kina mama wanaopita mtaani na mabeseni kichwani, wanabadilishana vyombo kwa nguo za zamani. Nilitoa mkoba mmoja na magauni manne, nikapata beseni moja zuri (ndiyo, najua, nilikuwa napunguza vitu). Jioni nikakumbuka: kadi ya kliniki ya mtoto ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa ule mkoba. Nilimtafuta yule mama siku mbili, nikampata kituo cha daladala, akanirudishia huku akinicheka. Kagua mifuko yote. Na simu za zamani, toa laini, toa memori kadi, futa picha, ndipo uitoe.

Khanga sikuzigusa kwa haraka. Doti mbili za marehemu mama zimebaki. Zile nyingine, za sare za shughuli ambazo hata bi harusi wake simkumbuki, nilimpelekea jirani aliyejifungua. Mzazi hana khanga za ziada hata siku moja.

Limebaki boksi moja juu ya kabati, limejaa chaja za pini nene, rimoti na nyaya za deki ambayo hatuko nayo tena. Ni la baba watoto, na cha mwenzio hukitoi bila yeye kukubali. Kila Jumamosi namuuliza. Kila Jumamosi analishusha, anatoa waya mmoja, anautazama, anaurudisha.